Uzoefu wangu: Nyumba ya Robert Schuman, Scy-Chazelles

Naipa nyota 4 kati ya 5, kwa sharti moja: kabla ya kwenda, soma Tangazo la 9 Mei 1950, pendekezo la Schuman la kuweka makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani chini ya mamlaka moja. Ni fupi, robo saa inatosha. Usipolisoma utaona meza, vitabu na bustani, basi. Nyumba yenyewe ni ya kawaida, iko kijijini kilomita 5 hivi kutoka Metz, mji wa kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, na Schuman aliinunua mwaka 1926.

Lisome kama unavyosoma mkataba. Jean Monnet, mkuu wa mipango ya uchumi ya Ufaransa, na wenzake ndio walioliandaa, lakini Schuman, wakili aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, ndiye aliyelibeba serikalini. Haliwaombi Wafaransa na Wajerumani wapendane. Linachukua makaa ya mawe na chuma, malighafi za silaha, na kuyaweka chini ya Mamlaka Kuu ambayo maamuzi yake yanazifunga nchi wanachama. Nchi 6 zilitia saini mkataba wa kuunda mamlaka hiyo Paris tarehe 18 Aprili 1951, kwa muda wa miaka 50. Jaribio la kufanya vivyo hivyo kwa majeshi lilikwama: Bunge la Ufaransa lililikataa Agosti 1954. Chuma kilikubalika, jeshi likagusa uhuru wa taifa moja kwa moja.

Wageni wengi hukimbilia mwaka 1950. Mimi nashauri uanzie 1912, Schuman alipofungua ofisi ya uwakili Metz, mji ukiwa Ujerumani. Baada ya 1918 mji ukarudi Ufaransa, naye akaingia bungeni 1919 na kushughulikia namna ya kuoanisha sheria za pande mbili. Hazikufutwa zote: mpaka leo Moselle, mkoa wa Metz, ina utaratibu wake wa bima ya afya. Mtu aliyeishi na sheria mbili katika mji mmoja hakuona ajabu nchi 6 kuwa na mamlaka moja.

Msomaji wa kwetu asiruke sentensi ya Tangazo inayosema kuendeleza bara la Afrika ni moja ya kazi kuu za Ulaya. Ubelgiji, mmoja wa wale 6, ilikuwa ikitawala Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), na hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Hilo linaniuma, na ni lazima lisomwe pamoja na mengine yote.

Hakikisha kwanza siku na saa za kufunguliwa. Ukitoka, vuka barabara uingie kanisa la Saint-Quentin. Kaburi la Schuman limo humo.