Kioo gani uchukue kwenye laptopu: kuanzia 1920x1200 mpaka 1366x768

Watu wengi wakienda kuchukua laptopu wanauliza RAM ngapi, SSD ipo, prosesa ni kizazi cha ngapi, wakishajibiwa wanatoa hela. Kioo hakiulizwi kabisa, na kioo ndicho utakachokikodolea macho kila siku mpaka hiyo mashine ife. Diski fundi anakubadilishia fasta, RAM kwenye mashine nyingi unaongeza, ila kioo ukishakosea ni gharama nyingine, ndiyo maana naliandika hili kwa kirefu kidogo.

Tuelewane kwanza kwenye namba. 1366x768 maana yake pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla kama milioni moja. 1920x1080, ile ya Full HD, ni milioni mbili na kidogo, 2560x1440 ni kama milioni 3.7, na 4K, yaani 3840x2160, inafika milioni 8.3. Pikseli zikizidi kwenye kioo cha inchi zilezile herufi zinakuwa safi zaidi.

Kwangu mimi inayoshika namba moja ni 1920x1200. Hii ni Full HD iliyoongezewa mistari 120 kwa chini, na ukiwa mtu wa kuandika ripoti, kusoma PDF au kuandika programu hiyo mistari utaipenda sana kwa sababu kazi zetu nyingi zinashuka chini, haziendi pembeni. HP EliteBook 840 G9 na ThinkPad T14 Gen 3, zote za 2022, zina kioo cha umbo hilo. Tatizo ni bei, bado ziko juu, kwa hiyo kama mfuko hauruhusu wala usijiumize.

Namba mbili ni 1920x1080 na hapa ndipo wengi wenu mtaangukia, na mtakuwa mmechagua vizuri tu. Kwenye mitumba inayojaa Kariakoo, ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 nyingi ni kizazi cha 8, na hizo zinakubali Windows 11 bila ujanja ujanja (Windows 10 Microsoft waliachana nayo Oktoba 2025, usisahau hilo). Sasa sikiliza, jina la modeli halikuambii kioo ni kipi. T480 ilitoka kiwandani na vioo vya aina tatu, 1366x768, 1920x1080 na 2560x1440, kwa hiyo unaweza kukuta mbili zimekaa meza moja, rangi moja, bei moja, ukiziwasha moja kioo safi nyingine ni ile ya 768. Muuzaji akikwambia "hiyo ni HD kaka" uwe macho, HD tupu bila Full mara nyingi ni 1366x768.

Kuna kitu kingine kinawachanganya watu hapa. Windows ina setingi ya kukuza vitu, inaitwa Scale, na kwenye inchi 14 ya Full HD mara nyingi inajiweka yenyewe 150%. Ikikaa hapo kioo chako cha 1920x1080 kinakupa nafasi ya kazi sawa na 1280x720, yaani ndogo kuliko hata ya 1366x768, herufi safi lakini kila kitu kimevimba, na mtu anaanza kulalamika kwamba ameuziwa kioo kibovu. Shusha mpaka 125%, unapata nafasi kama ya 1536x864, macho yakiwa mazuri jaribu 100%. Ni bure, fanya leo.

Namba tatu nawapa 2560x1440 na 2560x1600. Kama unatengeneza picha, mabango, kadi za harusi, unaedit video, hii inakufaa, ila kwa kazi hiyo rangi zina uzito kuliko pikseli. Kuna vioo vya Full HD na hata vya juu zaidi ambavyo rangi zake zimepauka, kwenye maelezo utaona wameandika 45% NTSC (kipimo cha rangi, na hiyo ni ndogo), ukichapisha bango nyekundu inatoka tofauti na uliyoiona. Tafuta kilichoandikwa 100% sRGB (nacho ni kipimo cha rangi), hata kama ni Full HD, kuliko 2.5K, yaani hizi za 2560, ya rangi mfu. MacBook Air kuanzia ile ya 2018 mpaka ya M1 ya 2020 zina 2560x1600 na rangi nzuri, ya inchi 13 ya 2017 ni 1440x900, kwa hiyo uliza mwaka.

4K naiweka ya nne na najua kuna watakaobisha. Kwenye inchi 14 au 15.6 lazima uikuze 200% au 250% ndiyo usome, programu za zamani zinaonekana kama zina ukungu, na betri inaisha mapema, umeme ukikatika utaiona hasara yake. Na bando? Netflix wenyewe wanasema 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa, Full HD kama GB 3. Hiyo hela iongeze kwenye RAM.

1366x768 ndiyo ya mwisho. Fungua Excel kwenye kioo hicho bila kukuza, unaona kama safu 20 hivi, unaishia T, wakati Full HD kwenye 100% inakufikisha karibu AC, na mhasibu anajua tofauti hiyo ni kuvuta kulia na kushoto siku nzima. Kuna programu zinafungua kidirisha kirefu mpaka kitufe cha OK kinajificha chini ya kioo. Inchi 11 au 12 kwa mwanafunzi wa kuandika tu sawa, inavumilika, ila inchi 15.6 yenye 768 msinunue jamani, herufi zinaonekana vidoti vidoti. Kama tayari unayo na ni T480, fundi anaweza kukuwekea paneli (kioo chenyewe) ya Full HD, waya wake ni uleule wa pini 30, ila ukitaka 2560x1440 ni pini 40 na waya unabadilika.

Ukiwa dukani omba iwashwe. Bonyeza kulia kwenye kioo, ingia Display settings, angalia namba iliyoandikwa Recommended, hiyo ndiyo ya kweli ya paneli. Halafu simama pembeni uangalie, picha ikigeuka nyeusi au rangi zikigeuka ni paneli ya aina ya TN, ikibaki ileile ni aina ya IPS, chukua IPS. Kwenye EliteBook zenye kioo cha faragha (kinachoficha picha kwa aliye pembeni) bonyeza F2 kwanza kabla hujaikataa, pengine wameiacha imewashwa. Fungua picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, utaona vidoti vilivyokufa na madoa ya kubanwa, na itoe nje kidogo juani kama utakuwa unafanyia kazi barazani, vioo vingi vya bei ya chini vina mwanga hafifu. Akikataa kuiwasha au akisema chaji hana, nenda duka la jirani.