Uzoefu wangu wa ziara ya kuongozwa: Malindi, Gede na Watamu

Ziara niliyoilipia iliunganisha Malindi, magofu ya Gede na Watamu katika safari moja, na uamuzi huo wa waandaaji ndio ninaousifu kuliko mengine yote. Wageni wengi wanaofika pwani ya Kilifi, Kenya, hukimbilia ufuo wa Watamu na kuipita Malindi bila kuiangalia, ilhali historia ya mji mmoja haieleweki vizuri pasipo jirani yake.

Tulianzia kwenye nguzo ya Vasco da Gama, baharia wa Kireno, juu ya mwamba unaochomoza baharini. Mwongozaji wetu, mzaliwa wa Malindi, hakuishia kutuambia kwamba Wareno walifika Aprili 1498. Alieleza kwa nini walipokewa kwa heshima. Malindi ilikuwa na uhasama na Mombasa, na sultani wake aliona faida ya kuwa na washirika wenye mizinga, akawapa rubani wa kuwavusha hadi Calicut, India, majira ya kusi yakianza. Mji huo haukuwa mgeni wa mambo ya ng'ambo, kwani mwaka 1415 ujumbe wake ulikuwa umempelekea mfalme wa China twiga. Hata hivyo, urafiki na Wareno haukuinufaisha Malindi kwa muda mrefu: walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, makao yao yalihamia Mombasa, mtawala wa Malindi akahamia huko pia, na mji ukadidimia.

Baada ya hapo tuliona makaburi ya nguzo yaliyo kando ya Msikiti wa Juma, pamoja na kanisa dogo la Wareno. Lililonisikitisha ni kwamba sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914, tuliiona kupitia dirisha la gari tu. Ziara inayompa baharia wa Kireno muda mrefu namna ile inapaswa kumpa Mekatilili walau muda huo huo.

Gede ndiyo iliyonikaa moyoni. Mji huu wa Waswahili, uliostawi kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17, umefunikwa na msitu, na mizizi ya miti mikubwa imekumbatia kuta za matumbawe. Kuna msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu, na kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Nyumba zimepewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Bakuli la Kauri, hivyo mgeni anapopita anapata picha ya watu walioishi humo, walichonunua na walikotoa bidhaa zao. Wareno waliishi Malindi, takribani kilomita 15 tu kutoka hapo, lakini maandishi yao hayautaji mji huu, jambo ambalo mwongozaji alilijadili nasi kwa uangalifu bila kutubunia visa vya mizimu. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kwa maoni yangu inastahili kutengewa asubuhi nzima. Sisi tuliharakishwa kabla ya kufika kwenye ukuta wa nje.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa mashua ya Watamu, na hapo ndipo ratiba ilipokosewa. Hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 sambamba na ile ya Malindi, ina bustani za matumbawe ambazo huonekana vizuri maji yakiwa na kina cha kutosha na yametulia. Tulifika maji yamekwisha kupwa, mashua ikalazimika kusubiri mbali na ufuo, na wazee waliokuwa katika kundi letu wakatembea juu ya mawe makali ili kuifikia. Nahodha alikuwa mpole na hodari, na samaki tuliowaona walikuwa wa rangi za kupendeza, ila nyakati za maji hujulikana mapema na hakukuwa na sababu ya kuzipuuza.

Mlango wa Mida, mkono wa bahari ulio karibu na Watamu, tuliupitia jioni, tukitembea kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko huku ndege wa ufuoni wakitafuta chakula kwenye matope.

Ninaipendekeza ziara hii kwa anayependa historia, hasa kwa ubora wa mwongozaji. Kabla ya kulipa, uliza siku hiyo maji yatajaa saa ngapi, kisha uombe Watamu ipangwe kwa saa hiyo na muda unaobaki uachiwe Gede.