Darasa la Kiingereza la jioni Mwanjelwa: hiyo "more cheap" imenishinda

Nimemaliza awamu ya kwanza ya darasa la Kiingereza la jioni huku Mwanjelwa, Mbeya. Nilisubiri siku kadhaa kabla ya kuandika ili hasira zipoe. Hazijapoa.

Ada haina neno, viti navyo vinavumilika. Kilichonichefua ni kipindi kimoja tu, kile cha kulinganisha vivumishi. Kanuni aliyoandika mwalimu ubaoni ilikuwa sahihi: neno la silabi moja huongezewa -er au -est, la silabi tatu na kuendelea hutanguliwa na more au most. Halafu akaanza kuhesabu silabi kwa makofi. "Cheap" akapiga mawili: chi-pu. Kwa hiyo, more cheap. "Strong" akapiga matatu: si-tro-ngi. More strong. Darasa zima likanakili.

Jamani, hizo ni silabi za Kiswahili! Maneno yetu huishia na irabu, ndiyo maana ulimi unalipachikia neno la Kiingereza irabu hata pasipo nayo. Cheap ni silabi moja, inaishia midomo ikiwa imefungwa kwenye p. Weka kiganja chini ya kidevu, tamka. Kidevu kikishuka mara moja, umepata; kikishuka mara mbili, umesema chipu. Basi ni cheaper, cheapest. Na strong ni stronger, strongest. Nilimweleza hayo kwa heshima zote. Akanijibu, "Kaka, umekuja kusoma au kufundisha?" Watu wakacheka.

Baada ya hapo kila kitu kilipitwa mbiombio. Big inakuwa bigger kwa sababu mwishoni kuna irabu moja na konsonanti moja. Cheap ina irabu mbili, kwa hiyo p haiongezwi. Heavy, y inageuka i: heavier. Hapo kwenye silabi mbili ndipo watu wanapoumia, maana narrow na simple huchukua -er, ila careful na modern zinataka more. Dakika tano, tukafunga.

Na kitini! Kimeandikwa "Rungwe is more higher than Loleza", na chini yake "Kitulo is the coldest than Tukuyu". Najua zinakotoka. Kwetu kivumishi hakibadiliki tunapolinganisha, kazi yote inafanywa na "kuliko": Rungwe ni mrefu kuliko Loleza, Rungwe ni mrefu kuliko yote. Kiingereza kimegawa kazi hiyo. Than inakwenda na higher. The coldest haiitaki, inataka in kwa mahali au of kwa kundi: the coldest of the three. Kusema more higher ni kulipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Nilipolionyesha hilo, mwalimu akaja na Shakespeare, kwamba naye aliandika "most unkindest". Ni kweli, imo kwenye Julius Caesar, mchezo ule ule alioutafsiri Mwalimu Nyerere. Lakini ni Kiingereza cha zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mtahini wa leo anakukata alama.

Nilikusudia kuandika "msiende". Ila nikikumbuka lile zoezi la soko nasita. Viazi vya Njombe kwa vya Umalila, mchele wa Kyela kwa wa Mbarali, kila mtu anasimama kutoa sentensi kumi mfululizo, na hata mama mmoja aliyekuwa hafungui kinywa siku zote akabishana bei hadi mwisho. Mwalimu yule anajua kuwatoa watu aibu, hilo siwezi kumnyima. Haya, nendeni, ila silabi mhesabu wenyewe.

Nilikuwa nimefikia hapo, nikataka kumpa nyota tatu. Jana nikakiona kitini cha awamu mpya. Wametoa kopi kwenye nakala yangu niliyoiacha pale: "more higher" ipo vilevile, na juu yake kalamu yangu niliyokatia more, imefifia kama uchafu wa mashine. Nyota moja.