Njia ya Aphrodite, Akamas: msitu asubuhi, bahari mchana

Wageni wengi wanaofika Kupro hufuata fukwe, na wale wanaopenda kutembea kwa miguu mara nyingi huelekea milima ya Troodos. Mimi na dada yangu tulikuwa na siku moja tu ya kutembea, na tulitaka msitu na bahari ndani ya siku hiyo hiyo, kwa hiyo tulichagua rasi ya Akamas iliyopo kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Njia ya Aphrodite ina urefu wa kilomita 7.5, inazunguka na kumrudisha mtu pale pale alipoanzia, na ilitupa tulichokitaka. Naipendekeza kwa moyo mmoja, ingawa ina sehemu mbili ambazo ni haki msafiri azijue kabla hajafunga kamba za viatu.

Mwanzo wake ni mahali paitwapo Bafu za Aphrodite, mwendo mfupi wa gari magharibi ya mji mdogo wa Polis na bandari ya Latchi. Masimulizi ya kale yanasema mungu huyo wa mapenzi wa Wagiriki alikuwa akioga hapo, na kwamba hapo ndipo alipokutana na Adonis, kijana aliyempenda. Kinachoonekana leo ni kidimbwi kidogo chini ya mwamba unaodondosha maji, kikiwa ndani ya kivuli cha mtini. Kuoga hakuruhusiwi, na umati wa wapiga picha huwa mkubwa kuliko kidimbwi chenyewe. Tulikipita upesi, kwa kuwa jua lilikuwa tayari limepanda na mwinuko ulikuwa unatungoja.

Sehemu ya msitu ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Njia inapanda taratibu kati ya misonobari na mireteni, kisha inakaza, na kila baada ya hatua kadhaa unakuta kibao kidogo chenye jina la mmea kwa Kigiriki na kwa Kilatini. Idara ya Misitu ya Kupro imefanya kazi hiyo kwa uangalifu, kwa sababu vibao havizibi mandhari wala havimchoshi mtu kwa maelezo marefu. Vinakutambulisha kwa mmea, halafu vinakuacha uutazame mwenyewe. Kimoja kilitusimamisha kwa muda mrefu mbele ya kichaka kifupi chenye maua ya rangi ya waridi yaliyokunjamana kama kitambaa kilichotoka tu kukamuliwa. Nilipolishika jani lake, vidole vilinata, na harufu ya utomvu ule, inayokaribia sana ile ya ubani, ilibaki mkononi mwangu hadi jioni. Ndio mmea unaotoa ladani, gundi ya manukato iliyothaminiwa tangu zama za kale, ambayo wachungaji waliichana kutoka kwenye ndevu na manyoya ya mbuzi waliokuwa wakila vichakani. Nimesoma habari za manukato mara nyingi, lakini sikuwahi kuelewa gundi ingewezaje kukusanywa na mbuzi mpaka iliponinata vidoleni.

Baada ya mwinuko huo tulifika Pyrgos tis Rigainas, yaani Mnara wa Malkia, ambapo pana magofu ya mawe yanayodhaniwa kuwa mabaki ya monasteri ya enzi za kati. Kuta zilizobaki ni fupi na hazina mengi ya kusimulia. Utajiri wa mahali hapo ni mwaloni mkubwa mno uliopo kando yake, wenye matawi mapana yanayoweza kufunika kundi zima la watembeaji, na hapo ndipo mtu apumzike, ale na anywe, kwa sababu kivuli cha namna hiyo hakipatikani tena mbele. Hapo pia Njia ya Adonis, inayochangia sehemu hii ya kwanza, huachana na ile ya Aphrodite, hivyo ni vyema kusoma kibao kabla ya kuondoka. Tuliwaona watu wawili wakirudi nyuma baada ya kufuata njia isiyo yao, na dada yangu akawaonyesha kibao ambacho walikipita wakizungumza.

Kutoka hapo njia inapanda hadi Moutti tis Sotiras, kilele chenye kimo cha mita 370 juu ya usawa wa bahari. Kwa idadi ya mita si mlima mkubwa, lakini kwa kuwa bahari iko karibu kabisa chini yake, macho yanaona kama mtu amesimama juu zaidi. Upande mmoja ghuba ya Chrysochous imejipinda kuelekea Polis. Upande wa pili rasi yote imenyooka hadi ncha ya Arnaoutis, bila mji wala hoteli. Upepo ulikuwa mkali, na tulikaa kimya kwa muda.

Onyo la kwanza linahusu mteremko unaofuata. Ni mkali, una changarawe inayoteleza, na unapigwa na jua moja kwa moja. Dada yangu, ambaye magoti humsumbua, aliuona mgumu kuliko mwinuko wote wa asubuhi. Viatu vyenye soli ya kushika ardhi ni vya lazima, na fimbo ya kutembelea itasaidia sana. Tulibeba lita mbili za maji kila mmoja na tukafika chini na mabaki machache. Katika joto la Julai au Agosti nisingethubutu kuja bila kuanza alfajiri.

Onyo la pili ni barabara ya vumbi ya pwani, ambayo njia huifuata wakati wa kurudi mashariki, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Maji ya upande ule yana rangi ya kijani kibichi karibu na miamba na buluu nzito mbele yake, na vijia vidogo hushuka hadi kwenye vighuba vya mawe. Lakini barabara hiyo hutumiwa pia na magari madogo ya wazi ya kukodi, na yalitupita mara kadhaa kwa kasi, yakatuacha ndani ya vumbi jekundu lililofunika hata majani ya vichaka. Wanaoyakodisha wangeweza kabisa kuwaambia wateja wao wapunguze mwendo wanapoona watu kwa miguu. Inaniuma, kwa sababu sehemu hiyo ingekuwa tulivu kama msitu wa juu.

Tuliiacha barabara, tukashuka kwenye kighuba kimoja na kutia miguu majini. Maji ya Aprili yalikuwa baridi kiasi cha kukata pumzi, na magoti ya dada yangu yalipata nafuu kabla hatujamaliza kipande kilichobaki.