Steshenari ya mlango wa bluu, Ligula: hawa nukta hawazichezei

Kama unachapa barua ya likizo, steshenari yoyote hapa Mtwara itakufaa. Mimi natafiti historia ya sarufi ya Kitokaria, lugha iliyokufa ya bonde la Tarim, Xinjiang, China. Maandishi yake mengi ni ya karne ya 5 hadi ya 8, na Wajerumani Sieg na Siegling ndio walioonyesha mwaka 1908 kwamba ni ndugu ya Kilatini na Kigiriki. Ukiiandika kwa herufi zetu, nukta na vistari vinajaa. Duka moja mjini (jina naliacha) lilinitolea visanduku vitupu ukurasa mzima, na hela wakachukua yote.

Hapa kijana wa kompyuta alichapa karatasi moja kwanza. "Mwalimu, hebu angalia kama nukta zako zimekaa." Akataka kujua nukta moja ikikosekana kuna hasara gani. Nikamwonyesha *ṣukt*, yaani namba saba kwa Kitokaria B (Kitokaria kina matawi mawili, A na B). Kilatini husema *septem*. Zamani baada ya s palikuwa na e hiyohiyo. Ikailainisha s ikawa ṣ, kisha yenyewe ikageuka. Leo e huioni, imebaki ile nukta kuishuhudia. "Kumbe siyo pambo," akasema, akakuza herufi bila kuombwa.

Majedwali mapana ndiyo yanawashinda. Mstari wa Kitokaria A, *kuklas yukas oṅkälmāsyo*, "kwa magari ya kukokotwa, farasi na tembo", ulikatwa pembeni. Na -yo ya mwisho ndiyo inayobeba ile "kwa" ya majina yote matatu, haipo mahali pengine! Walirudia bure, kwa karatasi ya kulala.

Ukurasa shilingi 200, kubaindi kwa spairo 3,000. Karatasi zao nyepesi, wino unaonekana upande wa pili. Wifi hakuna, kwa hiyo shusha maandishi nyumbani. CEToM, hifadhidata ya maandishi ya Kitokaria ya Chuo Kikuu cha Vienna, ni ya bure, bando tu.

Msimu wa korosho usijisumbue mchana, watu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanajaa na fomu zao. Wahi kabla ya saa tatu asubuhi, na faili liwe PDF. Word inakula nukta hata kwao.