Kipimo cha lehemu (kolesteroli) au cha jeni ya APOE, inayohusika na usafirishaji wa mafuta damuni?
Kwa bei, kipimo cha lehemu kinashinda. Ila majibu yake hubadilika, hivyo hurudiwa wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza dawa za statini, zinazoshusha lehemu. Na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) zikipita 4.5 mmol/L, LDL, yaani lehemu mbaya, inayopatikana kwa hesabu haiaminiki.

Cha jeni hufanywa mara moja maishani. Aina ya ε4 ya jeni hii huelekea kupandisha LDL. Aina ya ε2 huishusha, ingawa wachache wenye nakala mbili za ε2 hurundika mafuta damuni, hasa wakiwa na kisukari au unene. Tahadhari: ε4 hufichua pia hatari ya Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), habari usiyoweza kuisahau.

Unafuatilia dozi? Pima lehemu. Lehemu na trigliseridi zimepanda pamoja bila sababu? Hapo jeni ina kazi.