The Phantom of the Opera Broadway: uzoefu wangu na kwaheri yangu

Niseme mapema: mimi ni shabiki, na kufungwa kwa onyesho hili, tamthilia ya muziki kuhusu mtu wa kinyago anayejificha chini ya jumba la opera la Paris, kuliniuma. Lilizinduliwa Januari 26, 1988 katika ukumbi wa Majestic, mtaa wa 44, New York, na pazia la mwisho lilishuka Aprili 16, 2023 baada ya maonyesho 13,981. Hakuna onyesho lililowahi kudumu kiasi hicho Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Sifa hiyo inatajwa na kila mtu. Mimi nitakachokikosa zaidi ni okestra.

Wapigaji 27, wote walikuwa pale chini ya jukwaa kila siku ya onyesho. Tamthilia nyingi za muziki siku hizi hubana bajeti kwa kupunguza wapigaji na kuacha kompyuta izibe mapengo. Hapa fidla ni fidla na kinubi ni kinubi. Christine, yule mwimbaji kijana wa hadithi, anapoimba polepole, unasikia hata upinde unavyogusa nyuzi, na mwimbaji akivuta pumzi kidogo, kiongozi wa okestra anamsubiri. Muziki uliorekodiwa haumsubiri mtu.

Halafu kuna ule mwanzo. Mnada, vitu vya zamani vya jumba la opera la Paris, wanunuzi wazee wanaongea kwa sauti ya chini. Inafika zamu ya bidhaa namba 666: thurea, ile taa kubwa ya kuning'inia darini, iliyovunjika, imefunikwa. Kitambaa kinavutwa, ogani inalipuka, na ile taa ya takriban tani moja inapaa taratibu juu ya vichwa vya watu huku jumba likirudia ujana wake. Nilijua fika kinachokuja, na bado nilisisimka mwili mzima. Waliokaa ghorofani safu za mbele ndio waliofaidi zaidi, maana taa ilikuwa inapita usawa wa macho yao.

Mapambo na mavazi ni ya Maria Björnson, na ukiyachunguza unagundua ujanja wake. Kwenye ngazi za dansi ya vinyago, baadhi ya wale "wageni" ni sanamu zilizovishwa nguo, zimechanganywa na waigizaji hai. Ziwa la chini ya jumba ni moshi, mishumaa inayochomoza sakafuni na mashua moja. Sehemu kubwa ya jukwaa ni giza tupu. Mwongozaji Harold Prince alimwachia mtazamaji ajaze mwenyewe, na kwangu mimi hapo ndipo alipowashinda wenye skrini kubwa za leo.

Kasoro zipo. Raoul, mpenzi wa Christine, ni mhusika mwepesi mno, humwoni akibadilika, na zile ngoma za kielektroniki za wimbo mkuu zinanuka miaka ya 1980. Hayo niliyasamehe zamani.

Sababu ya kufunga inaeleweka: lilikuwa onyesho ghali kuliendesha kila wiki, na baada ya korona watazamaji hawakurudi kwa wingi wa kutosha. Tangazo lilipotoka Septemba 2022, siku ya mwisho iliwekwa Februari. Tiketi zikagombaniwa hadi wakaongeza wiki nane. Iliniuma kuona ukumbi umefurika namna ile kwa sababu tu watu wameambiwa linaondoka. Wapigaji wale walistahili umati huo miaka yote.

Kwa asiyewahi kuliona, London bado linaendelea, ila tangu lirejee 2021 okestra imepunguzwa hadi watu 14. Liangalie, hadithi na nyimbo za Andrew Lloyd Webber ni zilezile. Lakini kabla hujaenda, sikiliza albamu ya waigizaji wa kwanza, Michael Crawford na Sarah Brightman, ya mwaka 1987, au tafuta video ya maadhimisho ya miaka 25 iliyorekodiwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mwaka 2011. Tumia spika nzuri, si za simu. Toleo la New York nalipa nyota tano.